Papa Hakuwa Akiigiza

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane. Ninaishi Ndosho, hapa Goma, na kazi yangu ni filamu za kuchekesha. Mwongozaji ni mimi, mtayarishaji ni mimi, na mbeba viti pia ni mimi. Nawaandikia bila machozi. Yaliisha, au yamekataa kutoka... sijui.

Filamu zangu hazikuwa na mtazamaji mpaka nilipomweka papa, baba yangu mzazi, mbele ya kamera. Papa alikuwa fundi wa mbao, mjane, mtu wa maneno machache. Mimi nilijificha dukani na kamera, yeye akasimama barabarani kuwauliza wapita njia mambo ya kipuuzi. Leo ni siku gani? Nyumba yangu iko wapi? Watu walivunjika mbavu! Kisha ninatokea na kamera, tunacheka wote. Mtaa mzima ukamjua.

Taratibu papa akaanza kunishangaza. Aliniita kwa jina la marehemu mdogo wake. Alivaa koti juu ya koti. Maswali niliyomwandikia aliyaacha, akaleta yake, nayo yakachekesha zaidi. Nikasema muzee ana kipaji! Mdogo wangu Furaha, aliyekuwa akimpikia, alinivuta mimi mkubwa wake pembeni.

"Yaya, papa haiko nacheza. Anasahau ya kweli. Tumupeleke kwa munganga."

Nilimjibu tumalize filamu kwanza. Je, sikujua? Nilijua, ndugu zangu! Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja Furaha aliniachia papa, akaenda sokoni. Nilikuwa kwenye kompyuta, nikikata picha zake na kucheka peke yangu. Nilikuwa namtazama yeye, wakati yeye mwenyewe anatoka mlangoni nyuma yangu.

Tulimtafuta siku mbili, Ndosho yote mpaka Mapendo. Siku ya tatu tukampata Mugunga, kando ya barabara ya Sake, amelowa mvua, kiatu kimoja hakipo. Hakunijua. Baridi ilikuwa imeingia kifuani, na baada ya siku nne akafariki.

Kwenye kilio alikuja kijana wa pikipiki nisiyemfahamu. Alikaa karibu yangu, akasema bila kuniangalia:

"Muzee aliniuliza njia ya kwake mara tatu. Alikuwa analia. Mi nikacheka, nikatafuta kamera fasi iko."

Ni wangapi walioitafuta kamera siku zile mbili? Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Furaha hazungumzi nami tena. Filamu ile sijaitoa. Watu wananiuliza nitawachekesha lini. Sisikii kitu moyoni.

Ninyi ambao bado mna wazazi, nawasihi. Mzee akikuuliza jambo lile lile mara tatu, usicheke, wala usitoe simu kumrekodi. Mjibu mara ya tatu kama ulivyomjibu mara ya kwanza, kisha mshike mkono, umrudishe nyumbani.