Jogoo Niliyempeleka Mahakamani

Asubuhi ile, wenzangu, tulikuwa tumeanika pilipili manga barazani, mikeka saba. Mjukuu wangu Unggat alikuwa akifukuza kuku kwa mguu huku akimtania mkewe kwamba mimba imemfundisha mwendo wa bata. Ndipo polisi walipopanda ngazi.

Injini ya boti ilikuwa imeibwa kwenye nyumba ndefu iliyo upande wa chini wa mto, yenye familia nyingi chini ya paa moja kama yetu. Mwizi alikuwa Jarau, binamu wa Unggat, aliyekwisha kukimbilia ng'ambo ya mpaka. Unggat alimsaidia kuibeba, akidhani imenunuliwa, basi wakamshika yeye.

Nanyi mnajua desturi yetu. Mbele ya mzee wa nyumba, anayekubali kosa hutoa jogoo na mtungi, watu wakala pamoja, yakaisha. Anayebisha huongezewa faini. Basi mimi ndiye niliyemfunza.

"Kubali yote," nilimwambia.

"Lakini Bibi, mimi nilibeba tu."

"Ukisema 'tu' umebisha. Na yule ni hakimu mdogo wa wilaya, mkono wake mfupi. Wanaofunga watu ni wale wakubwa wa mjini."

Siku ya kesi nilikwenda na jogoo mwekundu kikapuni, miguu nimemfunga kwa kamba ya gome. Hakimu, mwanamke wa rika la binti yangu, alimuuliza Unggat mara mbili kama anaelewa maana ya kukiri. Akasema anaelewa. Akamuuliza ana lipi la kusema kabla ya adhabu. Mjukuu wangu akanigeukia. Nikatikisa kichwa, asiseme kitu.

"Sheria inaniruhusu kukufunga hadi miaka mitano," hakimu alisema. "Kwa kuwa umekiri, nimepunguza. Utakaa miwili."

Nilisimama na kikapu changu nikamwomba karani ampokee jogoo.

"Bibi, rudi naye nyumbani," alinijibu kwa upole. "Hapa hapokelewi."

"Sasa nimpe nani?"

Akainamia karatasi zake.

Mtoto wa Unggat alizaliwa wakati wa kupanda mpunga. Sasa anatembea, na jogoo yule, ambaye sina moyo wa kumchinja, mtoto humkimbiza barazani. Baba yake hajamwona bado.

FUNZO

Hakimu mdogo si mzee wa nyumba. Uwezo wake una mpaka, lakini ndani ya mpaka huo miaka ya mwanao inaenea. Usikiri usilotenda, na ulilotenda lieleze lote, kabla adhabu haijasomwa. Tafuta wakili, uliza. Nasi wazee, tusilolijua tuseme hatulijui. Mimi sikusema.