Kiazi cha Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi Madina aliamka kabla ya wote. Alifagia mbele ya kibanda, akachota maji kijitoni, kisha akakaa pembeni kusubiri aambiwe la kufanya. Si kwamba alipenda kazi kuliko wengine. Aliogopa tu kuonekana anakula bure.

Huo ulikuwa wakati wa vita ya waasi wa Simba huko Kongo, uhuru haujatimiza hata miaka mitano. Baba yake, papa Yakubu, fundi wa kushona, alikuwa amepanda mtumbwi kwenda Isangi kuuza nguo, na mapigano yakafunga njia nyuma yake. Risasi zilipoanza kulia upande wa Kapalata, jirani yao Mama Honorine, mke wa mvuvi wa pale kwenye maporomoko, alimshika Madina mkono, akakimbia naye pamoja na watoto wake hadi porini, ng'ambo ya mto Tshopo.

Mama Honorine alimtendea vizuri. Lakini yeye na watoto wake walisali pamoja, walichekea mambo ya kwao, na usiku walilala wamebanana. Madina alilala ukingoni mwa mkeka, akasema sala yake kimoyomoyo. Colette, binti wa Honorine, alikuwa rika lake, ila alimwita Mademoiselle, kama bibi wa mjini, akisema anashika jembe kama mtu anayeshika sindano.

Chakula chao kilikuwa viazi vikuu vya porini. Tangu siku ya kwanza Mama Honorine aliwaonya kwamba viko vya aina mbili, vinafanana kama ndugu: kimoja kinaliwa, kingine kina sumu ya kuua. Cha sumu kina majani matatu-matatu, lakini kiangazi kile majani yote yalikuwa yamekauka na kuanguka. Ilibaki kuangalia kamba yake, yaani shina linalotambaa, inavyouzunguka mti. Ya kuliwa hupanda ikielekea mkono wako wa kulia, ya sumu mkono wa kushoto. Asiye na hakika aache kamba mahali pake, amwite yeye.

Siku moja Colette alichomwa mwiba mguuni, Madina akaenda kuchimba peke yake. Shimo la kwanza hakupata kitu, la pili vilevile. Kwenye la tatu, juujuu tu, jembe likagusa viazi vinono vilivyoshikana kama vidole. Alifurahi mno. Akakata kamba, akavuta, akajaza kikapu, wala hakuinua macho.

Kambini watoto walimpokea kwa kelele. Colette alisogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi, akasema leo Mademoiselle amewashinda wote. Madina akakaa. Bega la Colette lilikuwa na joto.

Mama Honorine, akimenya cha mwisho, aliuliza kama ameangalia kamba. Madina akaitikia kwa kichwa.

Sufuria ikachemka. Madina akaanza kufikiri. Viazi vyote walivyokula mpaka siku ile vilikuwa vya kuchimba hadi mkono kuzama begani. Hivi vyake vilitoka mbiombio. Jacques, mdogo kuliko wote, alikuwa amekwisha kushika jani lake la kuwekewa chakula. Madina akisema, watalala njaa wote, na lile bega litaondoka. Asiposema, Jacques atakula wa kwanza.

"Mama," akasema, "mimi sikuangalia kamba."

Bega likaondoka. Mama Honorine akaipua sufuria papo hapo. "Shimo iko wapi? Twende unionyeshe."

Kipande cha kamba kilikuwa bado kimejizungusha kwenye mti mwembamba, juu ya pale Madina alipokata. Mama Honorine akamwacha akifuate mwenyewe kwa kidole. Kilikwenda kushoto. Mama Honorine akakaa chini. Hakumpiga.

Walifukia kila kitu mbali na kambi. Usiku ule walikula ngazi chache, matunda ya mchikichi, na Madina akarudi ukingoni mwa mkeka bila kuambiwa na mtu.

Kesho yake Mama Honorine aliwachukua wasichana wote wawili, Colette akichechemea. Madina ndiye aliyeona kamba inayoelekea mkono wa kulia, akaizunguka mara mbili kabla ya kutamka. Walichimba mpaka jua likapanda. Colette alilala kifudifudi akachimba kutoka upande wa pili, hata vidole vyao vikagusana chini ya udongo.

"Vuta na nguvu, Mademoiselle," akasema. "Hii siyo uzi."

Kiazi kikatoka. Mama Honorine alicheka, kisha akamgeukia Madina.

"Bon, mutoto. Kujua kiazi tutakufundisha, ile si kazi kubwa. Lakini kusema 'sikuangalia' mbele ya watu wenye njaa, hiyo ulijifundisha wewe mwenyewe. Usiache. Na usidanganye tena ili tukupende. Chakula yako iko kwangu, hata ukirudi na kikapu tupu."

Madina aliingiza mkono tena shimoni, kwa sababu kiazi cha pili kilikuwa bado chini.