Shafti Iliyokuwa Begani

Rafiki yangu, dada mmoja fundi mitambo, si mtu wa porojo. Meneja wa kiwanda cha mbao alimtaka aongeze kasi ya msumeno, naye akakataa katakata.

“Shafti hii inayozungusha msumeno imekaa kwa pembe kali, bosi. Ukiikimbiza, krosi zake, hivi vyuma vya msalaba vya kwenye maungio, zitapasuka ziue mtu.”

“Ongeza, fundi, au shika njia!”

“Nashika njia, na hii haibaki hapa.”

Akaifungua shafti pamoja na krosi zake zote, akaitia begani. Mara umeme ukakatika. Gizani, kule kwenye msumeno, krosi zikaanza kugonga, ko, ko, ko, zikizidi kukimbia.

“Punguza!” fundi akafoka bila kugeuka.

Mlio ukapungua. Shafti ilikuwa bado begani mwake, na chuma chake kilikuwa kimeanza kupata moto.