Shanga Nyeusi za Naipanoi

Kila jioni, mbuzi wakishaingia zizini, Naipanoi aliketi mlangoni na mama yake kutunga shanga. Kote Kitengela mama huyo alisifika, kwa maana mkufu wake haukuegemea upande mmoja. Rangi ikiwa kushoto, sharti na kulia iwepo. Isipokuwepo, anafumua.

Jioni moja ya mwaka wa 1999, Naipanoi alikuwa na kazi ya shule. Mwalimu Amolo aliwafundisha darasa la saba juu ya nyota ya nyutroni, nyota ndogo nzito ajabu, inayozungukana na nyota nyingine, mwenzake, huku ikifyonza gesi ya huyo mwenzake. Gesi hiyo hupata moto mpaka ikatoa eksirei, miale kama ile ya hospitalini inayoonyesha mfupa uliovunjika. Hewa yetu huizuia isifike chini, hivyo setilaiti ndiyo huipokea. Ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi.

Naipanoi na rafiki yake Dolphine walipewa vipimo vya setilaiti wavionyeshe kwa shanga: nyeupe miale ilipoonekana, nyeusi ilipopotea. Kazi bora ingepelekwa Kajiado kwenye maonyesho ya sayansi. Naipanoi aliitamani safari hiyo hata akaiota.

Alipomaliza kutunga, roho haikutulia. Weusi ulikaa upande mmoja tu, kama kiraka. Akazitoa shanga nyeusi zote, akatia nyeupe. Maskini, alidhani anasaidia.

Asubuhi Dolphine, msemaji hodari, aliuchukua mkufu akasimama mbele ya darasa.

"Nyota ya pili setilaiti haikuiona," alisema, "lakini tunajua iko, kwa sababu hapa..."

Kidole kilitafuta, kikakosa. Darasa likaangua kicheko.

"Kwa sababu gani, Dolphine?" aliuliza Mwalimu Amolo.

Naipanoi angeweza kusema shanga nyeusi ziliisha. Lakini alimwona rafiki yake akilengwa na machozi, akasimama.

"Si yeye, Mwalimu. Ni mimi nilitoa zile nyeusi. Niliona zinaharibu mkufu."

"Si ungeniuliza?" Dolphine alinong'ona. "Nyota yetu ikipita nyuma ya mwenzake, miale inapotea. Hizo nyeusi ndizo ushahidi."

"Fumueni," alisema Mwalimu. "Kesho nataka ilivyokuwa, si vile mngependa."

Jioni mama alicheka mpaka akafuta macho. "Umenifuata mimi, mwanangu. Lakini mkufu wangu naupanga mimi. Huu umepangwa na nyota." Wakafumua pamoja.

Kajiado walifika. Jaji mmoja aliugusa mkufu. "Mbona huku kuna doa?"

"Si doa," alijibu Naipanoi. "Hapo ndipo mwenzake amesimama."

Jaji alitabasamu, na Dolphine akaushika mkono wa rafiki yake asiuachie. Mwalimu Amolo aliwatazama wote wawili kwa upendo.

"Mmeona?" alisema. "Ukificha giza la nyota, unampoteza mwenzake. Na ukificha kosa lako, unampoteza mwenzako."