Kiota cha Mafunjoni

Jumamosi za siku zile zilikuwa tamu, jamani! Kabla jua halijapanda juu ya ziwa, Beldina alikuwa ameshafagia uwanja, amekunywa uji na kukimbilia klabu ya watazamaji wa ndege.

Klabu ilikuwa na mwiko mmoja: mtu wa nje asiambiwe kiota kiliko. Mwaka uliotangulia, vijana wenye manati walikuwa wamemaliza makinda yote. Aliyetoboa siri alifukuzwa, na Beldina aliipenda klabu hiyo kupita kiasi.

Asubuhi moja alimkuta bibi yake, Dani Selpha, akinoa panga.

"Twende unisaidie kukata mafunjo ya mikeka," Dani alisema. "Yale marefu ya kwenye mfereji."

Moyo wa Beldina ulishtuka. Humo ndimo alimotaga ndege mwenye kifua chekundu! Akaishika siri ya klabu mpaka wakafika majini. Lakini panga lilipoinuliwa, uzalendo ulimshinda.

"Dani, usikate! Kuna makinda humo!"

Dani akashusha panga. Ndege akalia ndani ya mafunjo, na mwenzake akamjibu.

"Lo! Kumbe bado wapo?" Dani alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Nilipokuwa msichana, mafunjo yalifika hadi barabarani. Hawa ndio waliotuamsha. Mama alikuwa akisema, 'Amkeni, wenzenu wameshaanza kazi.' Ah, siku zile! Nilidhani walihama zamani."

Mara akatokea Mzee Odongo, mwenyekiti wa klabu, darubini shingoni.

"Beldina! Umetoboa siri?"

"Ndiyo, Mzee," alijibu. "Angekata kiota."

"Usimkemee mtoto," Dani akadakia. "Ninyi kila wiki mnapita hapa mkichungulia tu, hata salamu ni za mbio. Sisi tulidhani mnapima ardhi mkamuuzie tajiri! Mngesema, tungekata upande ule."

Mzee Odongo alikuna kichwa, aibu imemjaa.

"Na wenzako wanaokata hapa, Mama?"

"Njoo kesho tukitoka kanisani, uwaambie mwenyewe."

"Nitakuja." Kisha akamgeukia Beldina. "Hufukuzwi, mwanangu. Kosa ni letu wazee. Hatuwezi kumtangazia kila mpita njia kiota kiliko, lakini jirani anayeishi na ndege huyu lazima ajue. Tulimficha siri mwenye manati, tukamficha na jirani ambaye angekuwa mlinzi. Wewe umemwambia ukweli mtu anayestahili, tena kabla panga halijashuka."