Sauti Isiyopita Kwenye Spika ya Besi

Sogeeni, jirani zangu. Na nyinyi vijana mnaopita mtaani vioo vya magari vikitetemeka, zimeni muziki kidogo, nina neno. Ni la nyumbani kwangu, wala sioni haya kulisema.

Nyumba yetu ilikuwa ya raha. Mwanangu ni fundi wa redio za magari, wote wanamwita Fundi Besi. Karakana yake iko uani, hatua kumi kutoka dirisha langu. Mkewe alishona nguo barazani. Binti yao tulimwita Chiriku, kwa sauti yake nyembamba isiyochoka. Akirudi shuleni, hata viatu hajavua, anasimama mlangoni mwa karakana.

"Baba, kitendawili!"

Mwanangu anaweka bisibisi chini. "Tega!"

Mchezo huo niliwafundisha mimi. Jioni yangu haikukamilika bila huo.

Sasa, kazi ile ina siri yake. Ukitaka besi nzuri, unaanza kwa kushusha kila kitu kwenye amplifaya. Unaweka filta, ili spika kubwa ya kwenye buti ipate mdundo tu, sauti nyembamba ziende kwingine. Kisha unapandisha geini, ile nguvu ya sauti, pole pole mpaka muziki uanze kukwaruza, halafu unarudi nyuma kidogo. Hapo ndipo penyewe. Vipo vipimo vya kazi hiyo, ila mwanangu alisema kipimo chake ni sikio. Basi akawa anatia kichwa ndani ya buti, gari baada ya gari, miaka kumi na moja.

Siku moja niko dirishani nashona kifungo, nikasikia redio inalia kama bati linaloburutwa.

"Mwanangu, inakwaruza hiyo!"

"Mama, wapi! Besi ndiyo kwanza inaiva."

"Imeiva mpaka imeungua!"

Akacheka. Wiki haikwisha, dereva wa teksi akarudi na spika inayonuka waya ulioungua. "Fundi, umenichomea!" Mwanangu akalaumu spika. Ningejua, ningemkamata mkono siku ile ile. Mkwaruzo ule mimi mzee niliusikia, yeye haukumfikia.

Kisha ikawa zamu ya Chiriku. "Baba, kitendawili!" Kimya. Anarudia. Kimya, mgongo tu. Mtoto akadhani baba amemchoka, akaacha kwenda karakana. Mkewe akisema jambo anajibiwa "eeh, eeh" ya mtu ambaye hakusikia kitu. Tukimwambia aende hospitali anakuja juu: "Masikio ndiyo kazi yangu! Yaniache yaende wapi?"

Mwishowe mkwe wangu akapata kazi ya cherehani mji mwingine. Siku ya kuaga aliniambia, "Mama, nimechoka kuongea na mgongo." Akaondoka na mtoto.

Kila Jumapili Chiriku alimtumia baba yake ujumbe wa sauti. Mwanangu anasikiliza, anakunja uso. "Simu mbovu hii, inanguruma tu." Akanunua nyingine. Nayo ikawa mbovu. Jumapili moja mchana akaiunganisha simu na amplifaya iliyokuwa kwenye buti la mteja. Akaongeza besi, akapandisha geini mpaka mwisho. Buti likatetemeka, mabati ya paa yakalia, na sauti ya mtoto haikutoka.

Nikatoka na fimbo yangu. "Zima!"

"Mama, haitoki! Nimefungua kila kitu, haitoki!"

"Si wewe uliyeniambia spika hiyo haipitishi sauti nyembamba?"

Akabaki ameshika kitufe cha filta, ananitazama mdomo. Nikarudia kwa nguvu. Akakaa chini, palepale kwenye mafuta.

"Basi na mimi nimekuwa spika hii," akasema. "Mdundo naupata. Mwanangu simpati."

Nikachukua simu nikaiweka sikioni mwangu. "Baba, kitendawili!" Kisha mtoto akanyamaza. Nilisikia pumzi zake, moja, mbili, tatu, nne. Alikuwa anamwachia baba yake nafasi ya kujibu. Halafu: "Nyumba yangu ina madirisha mawili, hata nikilala hayafungwi."

Nikamwinamia mwanangu, nikamrudishia neno kwa neno kwa sauti yangu hii ya kizee. Nikamwambia na pale mtoto aliponyamaza.

"Tega," akaiambia simu iliyokwisha kuzimika. "Tega, Chiriku. Tega."

Jibu mnalo? Ni masikio.

Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Alimpa kifaa cha sikioni. Mimi sasa ananisikia, ila sauti nyembamba bado ziko nyuma ya ukuta. Siku hizi anafanya kazi kwa kipimo, masikio ameyaziba. Na kila Jumapili, kabla mtoto hajatuma chochote, yeye anatangulia kutuma neno moja: "Tega." Jibu likija ananiletea simu, mimi namsemea sikioni.

Hawajarudi bado. Pale barazani palipokuwa na cherehani nafagia kila asubuhi, na sijaweka kitu.

FUNZO

Wanangu, sikio halina kope. Lisiloweza kujifunga, lifungeni nyinyi kwa vizibo vya masikio, kwa kusogea mbali, kwa kuteremsha sauti. Mkiambiwa "inakwaruza" na mtu wa nyumbani, msicheke, nendeni mkapimwe. Na mtoto akikuita, geuka. Sauti yake ni ndogo, na ndiyo inayotangulia kupotea.