Mahari Yangu Iliezeka Kanisa, Harusi Ikawa ya Mwingine

Nina miaka ishirini na sita. Nimepanga chumba Bweri, hapa Musoma, na kazi yangu ni fundi ujenzi. Ndiyo, fundi wa kike! Shule niliishia darasa la saba, na ufundi hakunifundisha mtu. Niliangaliaga tu wenzangu wanavyofanya, na mimi nikafanya. Hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu haujui kupumzika, hilo anayenijua atawaambia. Lakini nikikupenda, nimekupenda... Na hicho ndicho kilichonimaliza.

Kwetu ni upande wa Butiama. Kuna kanisa la mawe la wamisionari wa zamani, kubwa, wazee wanaliitaga kanisa kuu mpaka leo. Bibi yangu alikuwaga ananisimulia walivyobeba yale mawe kichwani akiwa msichana. Mimi nimebatizwa mle. Mama yangu aliagwa mle.

Halafu likaungua!

Ilikuwa mchana, watu wametoka misa, umeme ukapiga shoti sakristia, kile chumba anachovalia padri. Mbao zile za zamani zilikuwa kavu... Mpaka gari la zimamoto linafika kutoka mjini, paa lote liko chini. Zilibaki kuta, nyeusi kama chungu. Niliona wanaume wazima wamekaa kwenye nyasi wanalia.

Wengine wakasema libomolewe, lijengwe la kisasa. Nilisimama kwenye mkutano nikawaka. "Anayetaka kubomoa aanze na mimi!" Watu wakacheka, ila ikapita: lirudishwe vile vile lilivyokuwa, mawe yale yale na kenchi za mbao ngumu za kubeba paa. Akina mama na mabinti wa jumuiya tukawa saidia fundi. Tunasugua masizi kwenye mawe, tunaziba maungio kwa chokaa. Chokaa ilinipasua vidole, lakini niliipenda ile kazi mpaka mafundi wakaniachia ukuta mzima peke yangu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Anaitwa Masatu, kijana wa ziwani, alikuwa analeta samaki kijijini kwetu kwa pikipiki. Sisi ni watu wa ng'ombe, muuza samaki nani atamheshimu? Walimcheka sana. Siku moja bombani mama mmoja akanitania, "Wegesa, wanaume wameisha mpaka ukafuata furu?" Wale samaki wadogo wadogo! Ndoo yake niliimwaga yote. Masatu wangu asemwe na mimi nipo?

Na mahari alitoa. Ng'ombe aliziswaga mwenyewe na mjomba wake mpaka zizini kwa baba. Tukapanga ndoa yetu iwe ya kwanza siku kanisa litakapofunguliwa. Hilo lilikuwa wazo langu. Yeye alitaka tufunge mapema...

Mambo yakakwama kwenye paa. Kuta tumezimaliza, mvua zinakuja, chokaa yetu itaoshwa yote, na mbao hakuna. Michango imekauka. Nikamfuata baba. Nikamwambia tuuze ng'ombe za mahari tununue mbao.

Yeye ananiitaga mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake.

"Mama, hizi ng'ombe ndiyo shahidi wako. Zikitoka zizini, nani atasema umeposwa?"

"Masatu atasema, baba."

"Haya. Ukishaamua wewe, nani anakuweza?"

Masatu nilimuuliza. Akasema, "Zile ni zenu, fanyeni mnavyoona." Zikaenda mnadani. Mbao zikaja.

Sasa sikilizeni nilichofanya kwa mdomo wangu huu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. "Zile mbao ni za Masatu! Yule mnayemcheka, ng'ombe zake ndiyo paa lenu!" Sikusema ni mahari. Sikusema ni za baba. Nilitaka mume wangu aheshimiwe, basi! Padri akamshukuru mbele ya watu, kanisa likapiga makofi. Masatu akainamisha kichwa. Na aliyepiga makofi kuliko wote ni mimi.

Kuanzia hapo mtu akabadilika. Wakamwita mzee Masatu, wakamuingiza kamati ya ujenzi. Akawa anatumwa Bunda kufuatilia vifaa, mara leo, mara kesho. Mimi niko juu ya jukwaa la mafundi, nimejaa vumbi, nafurahi!

Ndipo akaja Anitha. Mwalimu wa kwaya kutoka Kabasa, kule Bunda, aliletwa kuandaa nyimbo za ufunguzi. Hakuwa na pa kulala. Nilimpa kitanda changu, nikalala kwenye mkeka. Akawa ananiuliza kuhusu Masatu, na mimi namwambia. Alivyo mkarimu, alivyolitolea kanisa... Kumbe nilikuwa nambandikia mtu matangazo ya biashara!

Siku moja Masatu akaniambia, bila kuniangalia, "Mambo ya ndoa nimeshayafikisha kwa padri. Jumapili utasikia."

Niliruka! Nikaitangazia jumuiya nzima iwahi misa. Nikavaa kitenge kipya. Baba alivaa koti lake.

Tulikuwa tunasalia chini ya turubai, pembeni ya kanisa. Padri akasoma. Tangazo la ndoa, mara ya kwanza. Bwana Masatu... na binti Anitha, wa Kabasa, Bunda.

Nilidhani amekosea jina! Watu wote wakanigeukia. Anitha alikuwa amesimama na kwaya, macho kwenye kitabu cha nyimbo. Niliinuka.

"Padri, hiyo ndoa ina kizuizi, na kizuizi ni mimi!"

Tukaitwa ofisini. Masatu akaongea taratibu kama mtu mzima. Akasema mahari hajawahi kutoa, ng'ombe zake alilitolea kanisa. "Muulizeni Wegesa mwenyewe alikuwa anasemaje." Mjomba wake, aliyeziswaga naye, alikuwa anaangalia viatu.

Mwenyekiti wa kamati akanigeukia. "Binti, si ni wewe uliyetutangazia nyumba kwa nyumba?"

Mdomo wangu ule ule...

Baba akasema ng'ombe zilifika kwake, yuko tayari kuapa. Wakamuuliza, "Mzee, ziko wapi?" Baba akaangalia dirishani, kule paa jipya linang'aa. Akasema hazipo. Mmoja wao akaguna, kama mtu aliyemkamata mwongo. Baba yangu! Hajawahi kuitwa mwongo maisha yake yote! Padri, kwa sauti ya huruma, akasema hata kama tulichumbiana, uchumba unavunjika, mtu halazimishwi.

"Twende nyumbani, mama," baba akasema.

Nje nilimkaba Masatu shati. Sikumuuliza habari ya ng'ombe. Nilimuuliza tu: kwa nini?

"Wegesa, hawa watu wananiheshimu kwa maneno yako," akasema. "Nikiwa na wewe kila siku nakumbuka nilivyokuwa nachekwa. Anitha amenikuta tayari ni mkubwa."

Nilimwachia. Ningempiga mtu aliyesema ukweli?

Kanisa lilifunguliwa. Wanasema ni zuri, huwezi kujua kama liliwahi kuungua. Wakawa bibi na bwana wa kwanza, chini ya kenchi zile. Vigelegele vilifika mpaka kwetu. Nilikuwa napika, nikaendelea kupika... Baba alikaa kwenye lango la zizi mpaka watu walipotawanyika. Tangu siku ile hajaingia mle ndani. Jumapili anaenda kwenye kaburi la mama, anasali rozari yake peke yake, anarudi. Namwomba arudi kanisani, ananiambia, "Wataniangalia, mama." Hicho ndicho kinaniua zaidi ya Masatu!

Niliondoka nikaja Bweri. Watu wanajenga sana huku, kazi zipo. Juzi jirani yangu, nimemsimulia yote, akasema yule mwanaume ni mbwa. Mnajua nilifanya nini? Nilimfokea! Nikamwambia asimwite hivyo, hamjui! Akabaki ananishangaa. Nikaingia ndani nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Dada zangu mnaosoma hapa, pendeni, sikatazi. Lakini ukweli wa baba yako usiuchukue ukampa mwanaume auvae. Kama anataka kuheshimiwa, aende akaheshimike kwa jasho lake, wewe kaa kimya. Na ng'ombe za mahari ziacheni zizini, hata kama ni Mungu anayejengewa nyumba. Mungu angesubiri. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Nawaombeni... mwenye mzazi anayemwamini kama baba alivyoniamini, asimfikishe mzazi wake pale alipo baba yangu.